Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: vitabu vya watoto vimeacha kuchakaa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFUNGULIWA KWA CHUMBA CHA WATOTO KATIKA MAKTABA YA MANISPAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kibanda changu kiko nyuma ya stendi ya zamani, na kwa miaka 19 nimekuwa nikipokea kazi kutoka ofisi, shule, misikiti na makanisa ya manispaa hii: daftari za mahudhurio, misahafu, vitabu vya nyimbo, ripoti za wanachuo na, kabla ya wateja hao wote, vitabu vya maktaba yetu. Barua yenye ombi hili niliifikisha masjala mwezi Agosti, nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na tangu siku hiyo sijapata jibu. Silalamiki, kwa kuwa najua meza yako inabeba barabara, mitaro, zahanati na madawati. Nalitaja jambo hilo ili ieleweke kwa nini safari hii ninaandika hadharani, wakati vikao vya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ndiyo vinaanza kuitishwa.

Fundi jalada huijua maktaba kwa namna vitabu vyake vinavyochakaa. Kitabu cha sheria huletwa kwangu kimeachia mgongo mahali pamoja tu, pale ambapo watu hufungua kifungu kilekile kila mara. Kitabu cha mtoto huja kimeumia kote: pembe zimelainika kama kitambaa, ukurasa wenye picha ya fisi unaning'inia kwa uzi mmoja, na pembeni pana alama ya kidole kilichotoka kushika andazi. Kipo kimoja nilichokishona mara tatu, hadithi ya sungura ya kurasa 24, ambacho nyuma ya jalada mtoto mmoja aliandika kwa penseli, "nimekisoma mara 3", na chini yake mwandiko mwingine, mbaya zaidi, ukajibu, "mimi mara 5". Kanuni za maktaba zinataka maandishi ya namna hiyo yafutwe. Nilikuwa na kifutio mkononi na sikukitumia.

Kwa miaka mingi kisanduku cha vitabu vya watoto kilifika kibandani kwangu kila mwisho wa muhula. Kisha kikaacha kuja. Muhula wa kwanza nilidhani tenda imepewa fundi mwingine, nikanyamaza kama wafanyabiashara wadogo tunavyonyamaza. Muhula wa pili nikaenda maktaba kuuliza, nikaonyeshwa chumba cha watoto kikiwa kimefungwa kwa kufuli, na kwa dirishani nikaona viti vya plastiki vya mikutano vimepangwa hadi usawa wa rafu ya tatu. Vitabu vilikuwa palepale nyuma ya viti, safi. Nilielezwa kwamba mkutubi wa watoto amestaafu, nafasi yake haijajazwa, na wahudumu wawili waliobaki hawawezi kuuacha ukumbi mkubwa bila mtu. Maelezo hayo ni ya kweli na sina ugomvi na wahudumu wale, ambao mmoja wao hufagia mwenyewe kabla ya kufungua. Ila chumba hicho hakijafunguliwa hadi leo, na sasa unakwenda mwaka wa tatu.

Wakati kilipokuwa wazi, mama yule aliyestaafu aliwakusanya watoto kila Jumamosi saa 4 asubuhi, wakakaa kwenye mkeka chini ya ubao. Hakuanza na kitabu. Alianza na "Paukwa!", nao wakaitikia "Pakawa!" kwa sauti ambayo ilisikika hadi kwa wauza matunda ng'ambo ya barabara, kisha ndipo akafungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja, akamwita mtoto asome unaofuata. Aliyekwama hakuchekwa, kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Binti yangu wa pili alijifunza kusoma kwa sauti pale, si shuleni, ambako darasa lao lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba zamu ya kusoma ilimfikia kwa nadra. Baada ya hadithi watoto waliruhusiwa kuazima kitabu kimoja kimoja, na hicho ndicho kilichoniletea kazi mimi.

Ndugu Mkurugenzi, nchi hii haikujenga maktaba kwa kubahatisha. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati Serikali ilikuwa na upungufu wa karibu kila kitu. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikaja sheria nyingine, ambayo ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba sura iliyo nayo. Maktaba za ngazi yetu ziko mikononi mwa halmashauri, Bodi ikitoa mwongozo wa kitaalamu. Kwa hiyo kufuli ninayoizungumzia haifunguliwi Dodoma wala Dar es Salaam. Inafunguliwa kwako.

Katika historia hiyo hiyo kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko sheria. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika, na kampeni ya kisomo cha watu wazima iliyofuata miaka ya sabini ikaipunguza idadi hiyo kwa kasi ambayo mataifa mengine yalikuja kujifunza kwetu. Waliosimamia kampeni ile hawakuishia kwenye ubao na chaki. Walianzisha maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, kwa kuwa walifahamu kwamba mtu aliyejifunza kusoma leo, asipopata cha kusoma kesho, baada ya miaka michache herufi zinamtoka. Bibi yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wale, na hadi anafariki alisoma gazeti kwa kufuatisha mstari kwa kidole.

Sasa tazama hali ya mtoto wa leo. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yanafundishwa kwa mtaala uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na tangu 2016 elimu bila ada imewaingiza darasani watoto ambao hapo awali wangebaki nyumbani kwa kukosa michango. Hayo ni mema na ninayaunga mkono. Lakini mtoto akishazijua silabi, mkononi anabaki na kitabu cha kiada, nacho mara nyingi anakishika pamoja na wenzake na hakiendi naye nyumbani. Kitabu cha kiada kinafundisha. Hakimfanyi mtoto akeshe akitaka kujua fisi aliishia wapi. Na si kwamba vitabu vya kumfanya akeshe havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo Tanzania tangu 1991, wachapishaji wetu wanatoa hadithi za watoto kwa Kiswahili safi na picha nzuri, na kitabu kimoja cha hadithi cha kurasa 24 hakifiki bei ya jogoo wa kienyeji sokoni kwetu.

Nimesikia hoja za upande wa pili, nyingine kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Ya kwanza ni kwamba watoto wanapiga kelele, na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wanahitaji utulivu wa kujisomea. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu jengo lile lilichorwa likiwa na chumba cha watoto chenye mlango wake. Kadiri ninavyoona, maktaba zetu nyingi zimegeuka kumbi za kujisomea, mahali ambapo kijana huja na daftari lake mwenyewe kutafuta meza na taa, asiguse kitabu hata kimoja rafuni. Simlaumu kijana huyo, kwao pengine wanalala watano chumba kimoja. Ninachosema ni kwamba anayeingia maktaba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17 atakuwa anatafuta meza tu.

Hoja ya pili ni kwamba watoto wanaharibu vitabu. Ndugu Mkurugenzi, hapa naomba nisikilizwe kama shahidi wa kitaalamu. Gharama yangu ya kushona upya na kuvika jalada la kitambaa kitabu kidogo ni shilingi 2,000, na kitabu nilichokishona vizuri hurudi kwangu baada ya miaka miwili au mitatu ya kuazimwa mfululizo. Kitabu kilichofungiwa kwenye chumba kisicho na hewa, katika mji wenye unyevu kama wetu, huingia ukungu na mchwa, na hapo hakuna fundi atakayekuokoa. Nimeletewa vya namna hiyo kutoka stoo za shule, havijawahi kuguswa na mtoto, na kazi pekee niliyoweza kuifanya ilikuwa kuwaambia wavichome.

Ya tatu ni uhaba wa watumishi, na hiyo sina haki ya kuipuuza. Ombi langu kwa hiyo ni dogo na limepimwa. Wakati kibali cha ajira ya mkutubi wa watoto kinasubiriwa, chumba kifunguliwe Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, na siku mbili za wiki hadi saa 12 jioni. Kwa sasa maktaba inafungwa saa 9:30 alasiri, saa ambayo mtoto wa shule ya msingi, kama hana masomo ya ziada, ndiyo kwanza anafika getini akiwa na begi mgongoni. Viti vya mikutano vihamishiwe kwingine. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo kinafundisha vijana kazi hii hasa, na halmashauri inaweza kuomba wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Walimu wastaafu wawili wa mtaa wetu wameniambia wako tayari kushika zamu ya Jumamosi bila malipo, mradi mtu awape ufunguo na barua. Mwisho, kiwekwe kifungu chake cha bajeti, hata kama ni kidogo, kinachosomeka "vitabu vya watoto", kisichanganywe na shajala wala mafuta ya gari, kwa maana kila kilichochanganywa na mafuta ya gari huwa kinateketea na mafuta ya gari. Na kiingilio cha watoto kisiwepo kabisa. Ilani ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kuhusu maktaba za umma, ile ya 1994 na ile iliyohuishwa mwaka 2022, inataka huduma hii kimsingi iwe bure, na mama mwenye watoto watatu hawezi kuchagua yupi kati yao alipiwe.

Chumba hicho kikifunguliwa hakitawafaa watoto peke yao. Jumamosi zile za zamani kina mama waliosubiri watoto walisoma magazeti ya ukutani, wakaulizana matangazo ya kata, wakajua siku ya chanjo. Leo maombi ya ajira serikalini na ya mikopo ya elimu ya juu yanafanyika kwa mtandao, na vijana wa mtaa wetu hulipia dakika kwenye vibanda vya intaneti, wakikosea wanalipa tena. Kompyuta mbili zilizopo ukumbini zingeweza kutumika jioni hizo hizo mbili, kwa taa ile ile na mlinzi yule yule. Sitaendelea na hilo, lisije likaimeza hoja ya watoto.

Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1996 kuwapelekea vitabu watoto wa Garissa kwa kuvipakia juu ya ngamia, kwa sababu watoto wale na mifugo yao hawakai mahali pamoja. Watoto wetu wanakaa. Wengi wao wanapita mbele ya lango la maktaba mara mbili kwa siku.

Jambo moja la utekelezaji limebaki. Kisanduku cha mwisho nilichopokea kabla ya chumba kufungwa bado kiko kibandani kwangu. Kina vitabu 32, vyote nimevishona na kuvivika jalada jipya, kikiwemo kile cha sungura, na karatasi ya tarehe iliyo nyuma nimeiacha ileile ili mkutubi ajaye aone mihuri ilivyopangana. Malipo yake sijadai na sidai. Nilipojaribu kuvirudisha niliambiwa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusaini hati ya kupokea vitabu vya watoto, nikarudi navyo kwenye bodaboda. Naomba nielekezwe kwa maandishi nimkabidhi nani, na siku gani. Niko kibandani kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa 2 asubuhi.

Nakutakia kazi njema.

Fundi jalada, nyuma ya stendi ya zamani

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Manispaa, Mtendaji wa Kata