Barua kwa Mwanangu: China na Ulinzi wa Amani

Ukonga,
Dar es Salaam,
Desemba 2025.

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na shangazi yako wa Mbagala anakusalimu sana. Barua yako ya kutuarifu kwamba umepata nafasi ya kusomea uhusiano wa kimataifa huko Beijing imetufurahisha sote, lakini mimi nimekaa zaidi na swali uliloliweka mwishoni: je, China imeingia katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya amani, au kwa ajili ya maslahi yake? Unakwenda mahali ambapo utapewa jibu la swali hilo kabla hujauliza, na ukisoma magazeti ya nchi za Magharibi utapewa jibu lililo kinyume chake, nalo kwa uhakika uleule. Ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Nianze kwa kusema kwamba swali lenyewe, kwa jinsi ulivyoliuliza, halitakufikisha mbali. Hakuna dola kubwa iliyowahi kupeleka askari ugenini pasipo kuyafikiria maslahi yake, na China haitakuwa ya kwanza. Swali linalotuhusu sisi, watu wa nchi zinazopokea walinda amani na nchi zinazowatoa, ni jingine: watu wanapokimbilia lango la kambi ya Umoja wa Mataifa wakifukuzwa na wenye bunduki, ni nani anayesimama langoni, na asiposimama anaulizwa na nani?

Utakumbushwa huko, na ni kweli, kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio namba 2758 la tarehe 25 Oktoba 1971, lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake katika Umoja wa Mataifa, na kwamba Salim Ahmed Salim, balozi wetu New York wakati huo, alikuwa kijana ambaye hata miaka thelathini hakuwa ameitimiza. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba China, baada ya kukaa kwenye kiti hicho, kwa miaka kumi haikutaka kuhusika na ulinzi wa amani. Haikushiriki kura za operesheni hizo wala haikuzichangia fedha. Ilikuwa na sababu zake. Katika vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, askari wake walipigana na majeshi yaliyokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa na uongozi wa Marekani; na hapa jirani zetu Kongo, Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961 wakati walinda amani wakiwa nchini mwake. Hata Waafrika wengi waliziona kofia za bluu, yaani walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kuwa chombo cha wakubwa.

Mabadiliko yalikuja polepole. Desemba 1981 China ilipiga kura ya kwanza ya kuunga mkono operesheni, ile ya Cyprus, na mwaka 1989 ikapeleka raia wachache kusaidia kusimamia uchaguzi wa Namibia. Mwaka uliofuata walikwenda waangalizi watano wa kijeshi Mashariki ya Kati, na mwaka 1992 wahandisi 400 wakaingia Cambodia kutengeneza barabara na madaraja. Kwa miaka ishirini hivi sura ya mlinda amani wa Kichina ilikuwa ya mhandisi na ya daktari: mwaka 2003 walifika Kongo na Liberia, na hospitali yao ya Bukavu iliwahudumia walinda amani wa mataifa mengi. Kazi hiyo usiidharau hata kidogo, kwa maana askari aliyejeruhiwa msituni haulizi maslahi ya aliyemfunga jeraha.

Hata hivyo katika miaka hiyohiyo siasa haikuwa mbali. Januari 1997 China ilitumia kura ya turufu, ile haki ya mwanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama ya kukwamisha azimio peke yake, kuzuia waangalizi wa kijeshi kwenda Guatemala, na Februari 1999 ikazuia kuongezwa muda wa kikosi kilichokuwa Macedonia. Nchi zote mbili zilikuwa na uhusiano na Taiwan, kisiwa ambacho China inakihesabu kuwa sehemu yake. Kura ya Guatemala iligeuzwa baada ya siku chache, ile ya Macedonia haikugeuzwa. Siyasemi haya ili uichukie nchi itakayokusomesha. Nayasema kwa sababu mwanafunzi wa diplomasia anayesoma orodha ya misaada peke yake ataikuta nusu ya habari.

Kilichobadilisha kabisa hali ni miaka ya 2013 hadi 2015. Mwaka 2013 China ilipeleka Mali kikosi cha ulinzi chenye silaha, na mwanzoni mwa 2015 ikakamilisha kupeleka Sudan Kusini bataliani nzima ya askari wa miguu 700, ya kwanza katika historia yake ya ulinzi wa amani. Septemba mwaka huohuo Rais Xi Jinping alisimama New York akaahidi kikosi cha akiba cha watu 8,000, pamoja na dola milioni 100 za msaada wa kijeshi kwa Umoja wa Afrika. Fedha nazo zilipanda: mchango wa lazima wa China katika bajeti ya ulinzi wa amani, ambao mwaka 2013 haukufika asilimia 7, ulikuwa asilimia 15.2 kuanzia 2019, na kuanzia 2025 ni asilimia 23.78, nyuma ya Marekani tu. Askari wake, ambao sasa ni chini kidogo ya elfu mbili, kwa miaka mingi wamekuwa wengi kuliko wale wa wanachama wengine wanne wa kudumu wa Baraza la Usalama wakijumlishwa. Ukilinganisha na Nepal, Rwanda au Bangladesh, bado ni wachache.

Kwa nini Sudan Kusini? Hapo shirika la mafuta la China, CNPC, ndilo lililokuwa na hisa kubwa zaidi katika visima, na Mei 2014 Baraza la Usalama lilipoandika upya majukumu ya kikosi katika azimio namba 2155, ulinzi wa raia ulitajwa pamoja na maeneo ya mafuta. Maslahi yalikuwa wazi. Mimi sikuona ubaya wowote katika hilo ikiwa bunduki iliyokuja kwa sababu ya mafuta ingemlinda pia mama aliyekaa nje ya kambi. Basi Julai 2016 jambo hilo lilipimwa, na ningependa uyajue vizuri yaliyotokea, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua hii.

Mapigano yalizuka Juba kati ya askari wa Rais Salva Kiir na wale wa makamu wake wa kwanza, Riek Machar, miezi michache tu baada ya nchi hiyo kukubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kambi ya Umoja wa Mataifa, yenye maelfu ya wakimbizi wa ndani pembeni yake, ilikuwa katikati ya risasi, ikilindwa na vikosi vya China, Ethiopia, India na Nepal. Gari la deraya la Wachina lilipigwa kombora, na vijana wao wawili wakafa. Uwaheshimu vijana hao, mwanangu. Walifia watu wasio wao. Lakini uchunguzi ulioagizwa na Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, na kuongozwa na Meja Jenerali mstaafu wa Uholanzi, Patrick Cammaert, uligundua kwamba mara mbili bataliani ya China iliacha baadhi ya sehemu zake za ulinzi katika makazi ya wakimbizi, na kwamba wafanyakazi wa misaada waliovamiwa katika hoteli ya Terrain, umbali wa zaidi kidogo ya kilomita moja, waliomba msaada na kila kikosi kilichoombwa kikakataa kutoka. Zaidi ya watu 20 waliokimbilia hifadhi ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika siku hizo.

Sasa tazama nani aliwajibishwa. Kamanda wa kikosi chote, Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki wa Kenya, ambaye alikuwa amefika wiki chache tu kabla ya mapigano, aliachishwa kazi, na Kenya kwa hasira ikawaondoa askari wake. Beijing kwa upande wake ilizikataa lawama zilizoelekezwa kwa askari wake. Uongozi ulikuwa dhaifu, ripoti ilisema hivyo, nami sitaki kumtetea mtu kwa sababu ni jirani yetu. Ninachouliza ni kwa nini katika jambo lililowahusu askari wa mataifa manne, aliyebebeshwa mzigo hadharani alikuwa Mwafrika, na wanachama wa Baraza la Usalama wakaendelea na kazi zao kama kawaida. Ufaransa au Marekani wangekuwa mahali pa China pale Juba ningeuliza vilevile.

Unajua kwa nini jambo hili linaniuma. Sisi Watanzania tumelipa gharama yetu. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur, Sudan, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wapiganaji waliodhaniwa kuwa wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, vijana 14 wa JWTZ, jeshi letu, wakauawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ulikuwa bado shuleni miili ilipoletwa hapa Dar es Salaam, na nakumbuka ulivyouliza walikuwa wanapigania nini kwa watu wengine. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa baada ya Semuliki haukutuacha salama, ulitaja upungufu katika mafunzo na uongozi wa kikosi chetu pia, nasi tulitakiwa kurekebisha. Nchi inayotoa damu inakubali kukaguliwa. Nchi inayotoa damu, fedha na kura ya turufu kwa pamoja inapaswa kukubali kukaguliwa zaidi, na hapo ndipo ninapotaka sauti yetu isikike.

Tuna haki ya kuitoa sauti hiyo, maana urafiki wetu na China haukuanza jana. Kutoka hapa nyumbani hadi makaburi ya Majohe, walikozikwa wataalamu wa Kichina waliofia nchini, wengi wao wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, si mbali. Mwaka 2024 askari wetu, wa Msumbiji na wa China walifanya zoezi la pamoja katika kituo cha Mapinga, Bagamoyo, kilichojengwa kwa msaada wa China. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami naamini anayekuambia kweli ukiwa na nguvu naye ni rafiki wa aina hiyo. Hofu yangu ni kwamba viongozi wetu wa Afrika wataona fedha na majengo, wakanyamaza, hasa kwa kuwa China inashikilia kwamba walinda amani wasiingilie mambo ya ndani ya nchi, kauli inayopendwa sana ikulu na isiyomsaidia mkimbizi ambaye anayemfukuza ni serikali yake mwenyewe.

Wakati huu nao ni mgumu. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza takriban robo ya walinda amani katika operesheni tisa kwa kukosa fedha, hasa kwa sababu Marekani hailipi inavyodaiwa. Na China, ingawa hulipa, imekuwa ikichelewa hadi mwishoni mwa mwaka. Wanaoumia kwanza ni nchi kama zetu, zinazotanguliza askari na vifaa kisha zinasubiri kurudishiwa gharama. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2719, linaloruhusu operesheni za Umoja wa Afrika kugharimiwa hadi asilimia 75 kwa michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Hilo ndilo ningependa China ilisukume kwa nguvu zake zote, pengine kuliko kuleta bataliani nyingine, kwa sababu majeshi ya Afrika yapo na yanachokosa ni ndege, dawa na mishahara inayofika kwa wakati.

Kwa hiyo nina ombi. Itakapofika zamu ya kuchagua mada ya tasnifu, ifikirie Juba ya Julai 2016. Muhtasari wa ripoti ya Cammaert uko wazi kwa umma, uusome kabla hujasafiri. Ukifika Beijing uulize, kwa adabu na bila kuogopa, ni nini kilichobadilishwa katika kituo cha mafunzo ya walinda amani cha Huairou baada ya siku zile: kama kamanda wa bataliani sasa anafundishwa kutoka nje ya lango bila kusubiri simu kutoka nyumbani, na kama anayekataa amri ya kamanda wa Umoja wa Mataifa huwajibishwa na nani. Niandikie watakavyokujibu, nami nitawatafuta wastaafu wa JWTZ waliokuwa Beni, kule Kivu Kaskazini, niwaulize maswali hayohayo, ili uwe na majibu ya pande zote mbili utakapoanza kuandika.

Baba yako akupendaye.