Mrudishie Malenge Kesho

Kisumu,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila joto la wiki hii limetutesa kweli.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye matatu, nikausoma tena usiku watoto walipolala, nikaona haifai kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Umesema mtoto ana miezi sita na wiki tatu, umempondea karoti, umempondea malenge, hata ndizi, na vyote anavitema na kugeuza uso. Halafu ukamalizia kwa kusema labda wewe ndiye hujui kulisha. Dada, neno hilo lilinichoma, kwa maana nililisema mimi mwenyewe, jikoni kwangu, huku nalia.

Binti yangu alipofikisha miezi sita nilienda soko la Kibuye nikanunua kipande cha malenge, kile cha ndani chekundu kama machungwa. Nikakichemsha, nikakiponda, nikakichuja, nikaongeza maji mpaka kikawa kama supu. Kijiko cha kwanza alikikunjia uso, ulimi ukakisukuma nje, malenge yakateremka mpaka shingoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilimlaza mapajani, nikamshika mikono, nikamwagia mdomoni kama tulivyoona watoto wakinyweshwa uji zamani. Alipaliwa, akatapika hadi maziwa ya asubuhi. Wiki nzima baada ya hapo, akikiona kijiko tu, anafumba mdomo. Hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tafadhali, usimlazimishe.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba mtoto amekaa miezi sita akinyonya, na ulimi wake umezoea kusukuma mbele. Chakula kikirudi nje, mara nyingi bado anajifunza kukipeleka nyuma. Na ladha mpya huenda ukamwonjesha mara nane, mara kumi au hata zaidi, ndipo aikubali. Mimi nilikuwa nimekata tamaa mara ya tatu.

Basi nikaanza upya. Niliacha kuyafanya malenge kuwa maji. Chakula chake kiwe kizito, ukiinamisha kijiko kisichuruzike. Nilimketisha wima mbele yangu asubuhi, akiwa hajalewa usingizi wala hajashikwa na njaa ya kulia, nikampa kijiko chake akishike, nami nikila malenge yaleyale mbele yake. Vijiko viwili, basi. Akikataa, naondoa bakuli bila kubembeleza wala kununa, nampa titi. Kesho kutwa, tena. Kila siku ya malenge nilichora mstari kwenye kalenda ya ukutani.

Mistari ilikuwa tisa siku alipotumbukiza kiganja kizima kwenye bakuli. Alikitazama, akakifinya, malenge yakapenya katikati ya vidole. Akalamba kidole gumba. Akanitazama mimi, akatazama bakuli, akarudisha mkono. Nilikaa kimya kabisa, nikaogopa hata kupumua nisije nikamkatiza. Alichafua nguo, mkeka na nywele zangu, na alikula.

Kwa hiyo usimhesabie kuwa ni mtoto mgumu. Mhesabie mara ngapi ameonja.

Jambo lingine. Usikimbilie kuficha kila mboga ndani ya ndizi ili apendezwe. Ndizi ni nzuri, papai ni zuri, ovakado hata haihitaji jiko, lakini mtoto akizoea kwamba kila kijiko ni kitamu, managu yaliyo machungu atayajulia wapi? Mpe ladha chungu kidogo mapema. Mimi nilianza na terere, ule mchicha wetu, majani machanga tu, nikayachemsha kwa muda mfupi, nikayasaga, nikayachanganya na kiazi na tone la mafuta. Hayo mafuta usiyaache, husaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye mboga na malenge.

Aliyetushangaza wote ni mama mkwe, Dani kama tunavyomwita bibi kwa Kijaluo, alipokuja kutoka Siaya na fungu la apoth, ule mrenda. Nilidhani utelezi utamkirihi mtoto. Kumbe ulishuka wenyewe! Ila fungu la mtoto lichote kabla ya kutia magadi na chumvi. Dani alinuna kidogo, nami nikamwomba kwa heshima, akakubali. Chumvi na sukari mtoto hazihitaji, na asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka, hata akikohoa, hata bibi akisisitiza.

Huko Nakuru mna karoti, minji na viazi vya Molo, sina la kukufundisha. Minji iponde vizuri na uondoe maganda. Karoti mbichi usimpe ashike atafune, inaweza kumkaba. Embe litafute lisilo na nyuzi. Na akianza kufanya kama anataka kutapika, uso ukawa mwekundu huku anakohoa kwa kelele, tulia, anajiokoa mwenyewe. Cha kutisha ni kimya: asiyeweza kulia wala kukohoa ndiye aliyekabwa, huyo msaidie mara moja. Muulize muuguzi akuonyeshe namna kabla hujaihitaji.

Pia usitegemee mboga na matunda peke yake. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kupungua umri huuhuu, na malenge hayatayarudisha. Mpondee maharagwe, mpe yai lililoiva vizuri, maini kidogo, au omena, zile dagaa za ziwani. Omena mimi huziosha, nazikausha kwenye sufuria bila mafuta, nazisaga, nachekecha, halafu nanyunyiza kijiko kidogo juu ya kiazi. Kipande cha papai au chungwa mlo huohuo husaidia chuma kuingia mwilini. Nyonyesha kama kawaida. Maziwa yako bado ndiyo chakula chake kikubwa, kwa hiyo vijiko viwili vikirudi nje hajalala njaa.

Usishtuke ukikuta vipande vya karoti kwenye nepi. Lakini uzito ukisimama kwenye kijitabu cha kliniki, au akikohoa kila anapomeza, usingoje barua yangu, mpeleke. Na kama bado hajapewa matone ya vitamini A ya miezi sita, yaulizie.

Shule zikifungwa Agosti nitapanda gari nije, nikubebee omena zilizosagwa na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vile tunavyovipata huku magharibi. Vikichomwa kwa maganda vinanukia kama keki.

Ila usiningoje. Kesho asubuhi mrudishie malenge, vijiko viwili tu, umkalishe karibu na dirisha apate mwanga. Kisha uniandikie alikunja uso namna gani.

Wako akupendaye,
mimi wa Kisumu