Yah: Malalamiko kuhusu gari langu lililokwama Tunduma na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Buswelu, Ilemela,
Mwanza.

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Uwakala wa Forodha,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima wa afya na biashara inakwenda. Habari za mkataba sitazirudia, maana mliuandika ninyi wenyewe, na yale masharti yaliyobandikwa ukutani juu ya kaunta ni ya kwenu pia. Ninaandika kuhusu gari langu, ambalo hadi leo liko kwenye yadi ya forodha Tunduma linapigwa jua na mvua, na kuhusu nilichofanyiwa Jumatatu mbele ya watu.

Naanza na Jumatatu. Gari litasubiri, limeshazoea.

Niliingia ofisini kwenu asubuhi nikasalimia. Kijana wa kaunta hakuitikia, macho yako kwenye simu. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nimezoea kuamkiwa, lakini hilo nikaliacha lipite. Nikaomba kitu kimoja: karatasi yoyote inayoonyesha kwamba maombi yangu ya msamaha wa ushuru yaliwasilishwa forodha, na tarehe yake. Akasema, "Mama, si tulishakwambia mtandao unasumbua?" Nikamjibu kwamba natoka Mamlaka ya Mapato, TRA, sasa hivi, na nimeambiwa hakuna maombi yoyote kwa jina langu. Ndipo akalivuta faili langu kutoka droo ya chini, ileile nilimoliona likiingizwa siku ya kwanza, akalirusha. Likapita juu ya kaunta, likaanguka upande wangu, karatasi zikatawanyika sakafuni. Akapaza sauti: "Kama hela ya ushuru huna, gari ulinunua la nini? Si ungepanda basi kama wenzako!"

Watu wakacheka. Si wote. Baba mmoja aliyekuwa kwenye foleni aliinama akanisaidia kuokota. Huyo si mfanyakazi wenu.

Sasa gari. Sheria mnaijua kuliko mimi, ndiyo maana niliwalipa. Mtu anayehamia nchini kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kuingiza gari lake moja bila ushuru, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi, awe hajawahi kupewa msamaha wa aina hiyo, na gari liingie ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe afike. Nilikuwa na kila kitu. Kadi ya gari ya Zambia yenye jina langu, pasipoti yenye mihuri, barua ya kumaliza kazi Lusaka, cheti cha Interpol kwamba gari si la wizi, hata kadi ya njano ya bima ya COMESA. Yote yako kwenye faili hilohilo lililorushwa. Mpwa wangu aliliendesha gari hadi Nakonde, akavuka, akamkabidhi mtu wenu upande wa Tunduma siku zikiwa bado tele. Pale ni kituo cha pamoja tangu 2019, kimewekwa ili mtu asizungushwe Zambia na Tanzania kwa jambo lilelile. Sikuzungushwa na boda. Mtu wenu alilipokea gari, likaingia yadi, simu yake ikazimwa.

Huku Mwanza mkawa mnaniambia "iko kwenye mfumo, mama." Baadaye ikawa afisa yuko likizo. Kisha ikawa Kamishna wa forodha hajasaini, na kuna hela kidogo ya kuwatoa watu ili mambo yaharakishwe. Hela hiyo sikuitoa na siitoi. Kumbe hapakuwa na cha kuharakishwa, kwa sababu hapakuwa na kilichowasilishwa! Mngesahau kiroba cha dagaa kwenye droo ile, angalau harufu ingewakumbusha. Faili halinuki.

Mwisho mkanipa hesabu ya ushuru kamili, kana kwamba nimeagiza gari Japani nije nilipange barabarani Igoma niuze. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 lakini isiyozidi cc 2000, kisha VAT asilimia 18 inayopigwa juu ya thamani na ushuru wenyewe, na tozo ya reli mkiimalizia chini kwa kalamu. Mkasema siku 90 zimepita, hakuna namna. Zilipita wapi? Zilipita ndani ya droo yenu. Na hata hilo la "hakuna namna" si kweli. Afisa wa forodha niliyemwona, aliyenipa kiti kabla hata sijasema shida yangu, ndiye aliyenieleza kwamba sheria inamruhusu Kamishna kuongeza muda, ilimradi usizidi siku 360 tangu nilipofika nchini. Ninyi wenye leseni hamkulijua hilo? Kama hamkulijua, mnawatoza watu kwa kazi gani? Kama mlilijua, mlinificha ili nilipe kwanza, mgawane nini baadaye?

Na mnajua vilevile kwamba mali iliyolazwa kwenye ghala la forodha siku 30 bila kuondolewa inaweza kutangazwa, na zikipita siku 30 nyingine baada ya tangazo, inaweza kupigwa mnada. Hamkunitajia hata siku moja. Ningelisikia tangazo la gari langu kutoka kwa majirani.

Narudi Jumatatu, kwa sababu kuna jambo sijaliandika hapo juu na mkono ulikuwa unalikwepa.

Faili lilipoanguka, cheti cha Interpol kiliteleza hadi karibu na mlango wa ndani. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika mtandio wangu kwa mkono mmoja, naokota kwa mwingine. Kijana wenu alitoka nyuma ya kaunta. Nikadhani anakuja kunisaidia. Akapita, akakikanyaga kile cheti, akaendelea na safari yake kwenda kuchukua chai. Alama ya kiatu ipo, nimeitunza. Na wewe, Ndugu Meneja, ulikuwa ofisini kwako nyuma ya kioo. Macho yetu yalikutana. Ukanyanyuka, ukashusha pazia. Yule kijana ni mdogo, labda hajafundwa. Wewe ulinitazama mwanamke wa umri wa mama yako yuko sakafuni kwenye ofisi unayoisimamia, ukaona dawa ni pazia.

"Si ungepanda basi." Nilipanda! Nilipanda basi kutoka Lusaka hadi Nakonde, nikapanda jingine Tunduma, nikapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga hadi Mwanza, miguu imevimba viatu havinitoki. Na nilipanda kwa sababu ofisi yenu hiyohiyo ndiyo iliyonishauri nitangulie, gari litanifuata. Mama yangu ana miaka mingi na mguu mmoja mbovu, nampeleka kliniki Bugando kwa bajaji, anarushwa kila shimo kutoka Buswelu mpaka mlimani. Gari lilikuwa la kazi hiyo. Halikuwa la kutanulia Capri Point.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai ada yangu yote irudishwe, na faili langu lote. Hilo bado nalidai. Lakini kadiri ninavyoandika naona ni kidogo mno. Gharama za yadi Tunduma tangu siku mtu wenu alipolipokea gari zilipwe na kampuni, si na mimi. Barua ya kumwomba Kamishna aongeze muda muiandike ninyi, mkikiri kwa maandishi kwamba ucheleweshaji ulitoka kwenu, na mnipe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nataka pia orodha ya kila kitu ambacho kampuni yenu imewahi kuwasilisha au kutamka kwa jina langu, maana sheria ya forodha inambebesha mwenye mali makosa ya wakala wake, na mimi sitakwenda kujibu mashtaka ya karatasi ambazo sijawahi kuziona.

Halafu kuombwa radhi. Si kwa simu, wala ule ujumbe mlionitumia jana usiku wa "samahani kwa usumbufu uliojitokeza". Haukujitokeza wenyewe. Nataka yule kijana, na wewe, mniombe radhi palepale kwenye kaunta, asubuhi, foleni ikiwa imejaa.

Haya yote yawe yamefanyika ifikapo Ijumaa. Yasipofanyika, nitaanza na risiti. Niliwalipa taslimu, mkanipa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijaiona hadi leo. TRA watakisoma kikaratasi hicho kwa hamu kubwa. Pamoja nacho nitapeleka malalamiko kuhusu leseni yenu ya uwakala, ambayo mnajua huhuishwa kila mwaka, na mnajua anayeihuisha ni nani. Nakala itakwenda Tume ya Ushindani. Ile habari ya hela ya kuwatoa watu itakwenda TAKUKURU, pamoja na namba ya simu iliyonitumia, kwa sababu kijana wenu hakuwa hata na akili ya kuniambia kwa mdomo. Na gari likipigwa mnada, Ndugu Meneja, sitakuja tena kuomba ada wala radhi. Nitadai bei ya gari zima mahakamani, pamoja na nauli ya kila bajaji aliyopanda mama yangu.

Ijumaa saa nne asubuhi nitakuja mwenyewe kuchukua majibu, nikiwa na mdogo wangu ambaye ni wakili. Pazia liwe limefunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Sahihi)
Mteja wenu

Nakala: Mkurugenzi wa Kampuni, Makao Makuu