Barua ya Malalamiko: Kufaulishwa (Kuhamishiwa Gari Jingine) Mikumi na Begi Langu Kupelekwa Iringa

Abiria wa siti C2,
Kimara,
Dar es Salaam.

Meneja wa Usafirishaji,
Kampuni ya Mabasi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFAULISHWA MIKUMI, KUTOZWA NAULI MARA MBILI NA BEGI LANGU KUPELEKWA IRINGA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, nilipanda basi lenu la Ifakara la saa 12 alfajiri kutoka Stendi ya Magufuli, nikielekea Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nilikuwa nakwenda kuona maporomoko ya Sanje kwa mfuko wa mwalimu: basi, gesti, wali wa mama lishe, bodaboda, kiingilio na muongozaji. Nilikuwa pia naipima njia, maana nataka kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu. Treni ya TAZARA ina stesheni Mang'ula, ila haipiti kila siku, nami nilikuwa na siku tatu tu. Nikawachagua ninyi.

Wakala wenu alinikatia tiketi ya sh. 22,000, nauli kamili ya Ifakara, ingawa Mang'ula inafika kwanza. Hilo silalamikii, tumeshalizoea.

Tulifika Mikumi saa 7 mchana. Pale barabara ya Kilombero inapokata kushoto, basi halikukata. Kondakta alisimama mlangoni akatangaza kuwa abiria wa Ifakara tushuke, kuna Coaster inatusubiri. Basi lenu jingine lilikuwa limeharibika, kwa hiyo letu likawachukua abiria wake kwenda Iringa. Sisi tulikuwa kumi na mmoja; nadhani hesabu ilifanywa hapo hapo nasi tukaonekana wachache. Niliuliza kuhusu begi langu lililokuwa kwenye buti. Utingo akanijibu, "Yote yameshahamishwa, mwalimu, panda."

Coaster ilisubiri kujaa hadi saa 11 jioni. Tulipofika Kidatu, konda wake akaanza kukusanya sh. 5,000 kwa kila mtu. Tulimwonyesha tiketi zenu. Alisema hajapewa hata senti na kampuni yenu, na asiyelipa ashukie hapo darajani. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, tulimchangia.

Nilishuka Mang'ula kumeshaingia giza. Juu ya gari kulikuwa na godoro, mikeka miwili na ndoo. Begi langu halikuwepo. Ndani yake mlikuwa na viatu vya kupandia mlima, koti la mvua, nguo na dawa yangu ya pumu ya akiba (namshukuru Mungu nyingine ilikuwa mfukoni). Namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye tiketi iliita mpaka nikachoka. Ilipokelewa Jumapili mchana: "Begi lipo Iringa, lipo salama, usiwe na wasiwasi."

Meneja, njia ya Sanje haipandiki kwa makubazi. Maji yanaporomoka zaidi ya mita 170, kwa hatua tatu, na njia yenyewe ni mwinuko ndani ya msitu, mizizi na mawe yenye utelezi. Udzungwa haina barabara ya magari ndani, unatembea tu. Muongozaji alinitazama miguuni akatikisa kichwa. Aliyeniokoa ni mama mwenye gesti, aliyeniazima mabuti ya mvua ya mwanawe, namba 43. Mimi navaa 40. Nilipanda nayo, nikawaona mbega wekundu, nikafika kwenye maji, nikaona chini mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa mpaka macho yanakoma. Ni pazuri kuliko nilivyosimuliwa. Lakini wenzangu walipoingia kuoga, mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nakagua malengelenge.

Begi lilirudi Dar baada ya siku tisa. Nilipokwenda kulichukua, karani wenu alinidai sh. 10,000, gharama ya kifurushi kutoka Iringa. Nilimweleza kuwa sikutuma kifurushi, ni ninyi mliolipeleka huko. Akasema mfumo haumruhusu kulitoa bila malipo. Nililipa, na risiti ninayo. Nakiri kuwa kati ya yote, hii ndiyo iliyoniandikisha barua. Basi kuharibika naelewa. Kuuziwa begi langu mwenyewe sielewi.

Naomba nirudishiwe sh. 5,000 ya Coaster na sh. 10,000 ya begi. Abiria wengine kumi nao warudishiwe nauli waliyotozwa mara ya pili. Majina yao mnayo kwenye orodha ya safari. Naomba pia maelezo ya maandishi: nani aliamua tufaulishwe, na kwa nini mwenye Coaster hakulipwa kutoka kwenye nauli tuliyokwisha kulipa.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, risiti ya begi na picha ya namba ya Coaster. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Safari ya wanafunzi itahitaji siti 38 kwenda na kurudi, na mkuu wa shule ameniagiza nimpelekee jina la basi kabla ya muhula kufungwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa siti C2

Nakala: LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini)