Kupunguza video kusiharibu picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa jijini Mwanza wanaohariri video za harusi, kwaya na mahafali kwa kompyuta zisizo na nguvu kubwa.

Mwezi uliopita nilipeleka kwenye kibanda kimoja video ya saa moja na nusu ya kwaya yetu, iliyorekodiwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikiomba jambo moja tu: ziondolewe dakika 10 za mwanzo, watu walipokuwa bado wanapanga viti. Kazi ilichukua saa tatu, na niliporudishiwa flashi, nyuso za waimbaji wa safu ya nyuma zilikuwa zimefifia, na mawimbi nyuma yao yamegeuka vimiraba. Kijana yule hakuwa mvivu. Alitumia chombo kisichofaa kwa kazi ile.

Programu nyingi kubwa za uhariri, unapohifadhi kazi, hufungua video yote na kuibana upya, na katika kubana huko hutupwa sehemu ya picha ambayo hairudi tena hata ukiongeza ukubwa wa faili. Avidemux na LosslessCut, ambazo ni programu za bure na za chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), zinaweza kunakili video kama ilivyo na kuweka kipande unachokitaka katika faili jipya. Nilipoikata upya video ile mwenyewe nyumbani kwa Avidemux, ilikamilika kabla chai yangu haijapoa. Kwa kompyuta ya zamani napendekeza hiyo kwanza, kwa kuwa ni nyepesi zaidi.

Lipo sharti moja lisilopaswa kupuuzwa. Video ni mfululizo wa picha ziitwazo fremu. Katika video za simu na kamera zetu, fremu kamili huja mara mojamoja, na zilizo kati yake huhifadhi mabadiliko tu. Kwa hiyo kipande lazima kianzie kwenye fremu kamili, la sivyo picha huganda au kuchafuka mwanzoni. Katika Avidemux, hakikisha picha na sauti zote zimewekwa kwenye “Copy”, ruka hadi fremu kamili kwa mshale wa juu au wa chini wa kibodi, kisha weka alama A pa kuanzia na B pa kuishia. Mimi huona heri kuanza sekunde moja mapema kuliko kukata silabi ya kwanza ya wimbo.

Anayetaka kuandika majina juu ya picha au kurekebisha rangi hana budi kubana upya. Lakini mteja akiomba kupunguziwa tu, nawasihi wenye vibanda waanze na programu hizi, tena wasifute faili la awali kabla mwenyewe hajalitazama. La kwetu lilikuwa bado kwenye kadi ya kamera, ndiyo maana wale wa safu ya nyuma wanaonekana leo.

Mwanakwaya,
Kirumba, Mwanza