Umri wa mwandishi usiwe kigezo cha tuzo

Mhariri,

Kila anapotajwa Mariama Bâ wa Senegal, husemwa kwamba aliibuka akiwa na miaka 50, kana kwamba kabla ya hapo alikuwa amelala. Alizaliwa Dakar mwaka 1929, akahitimu ualimu katika mji wa Rufisque mwaka 1947, akafundisha miaka 12 hadi afya ilipomlazimisha kuhamia ofisi ya ukaguzi wa elimu. Alilea watoto tisa, akatalikiana na mumewe, akawa mwanaharakati katika vyama vya wanawake. Riwaya yake ya kwanza, Une si longue lettre (yaani, Barua ndefu kama hii), ilitoka Dakar mwaka 1979.

Wengi wanaoanza kuandika utu uzimani wana ugonjwa mmoja: wanataka kumwaga maisha yote, tangu kuzaliwa hadi kustaafu. Mswada unafika kurasa 500 na mhusika bado hajaolewa! Bâ aliubana muda. Ramatoulaye, msimulizi wa riwaya hiyo, amefiwa na mume, yuko eda miezi minne na siku kumi, ana daftari, anamwandikia Aissatou, rafiki yake wa tangu utotoni. Eda ndiyo saa ya riwaya. Mambo ya miaka 30 ya ndoa yanaingia pale tu yanapochokozwa na jambo la sasa. Mathalani, mirathi inapofunguliwa ndipo inapojulikana kwamba nyumba waliyoipata kwa akiba ya wote wawili imeandikwa jina la mume, naye ameiweka rehani ili mke mdogo, aliyesoma na binti yao, apate makazi. Hakuna haja ya sura nzima ya kumshutumu marehemu. Hati za benki zinatosha.

Mtego wa pili ni kujigeuza shujaa wa kitabu. Bâ mwenyewe alitalikiana na mumewe, lakini katika riwaya talaka alimpa Aissatou. Ramatoulaye alimpa ujane na watoto 12. Kwa kugawa hivyo aliweza kuwahoji wanawake wote wawili, yule aliyeondoka katika ndoa na yule aliyebaki, bila kujitetea. Na ile Fiat 125 ambayo Aissatou anamnunulia mwenzake ili aachane na adha ya mabasi inaeleza urafiki wao kuliko kurasa kumi za sifa.

Ufundi huu hautokani na umri peke yake, maana wazee wanaoandika ovyo wapo tele. Lakini ni vigumu kuujua mzigo wa rehani na mirathi ukiwa na miaka 22.

Mwaka 1980 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, ya kwanza kabisa kutolewa. Sharti lilikuwa mwandishi awe Mwafrika na kitabu kichapishwe Afrika. Agosti 1981 Bâ alifariki, na riwaya yake ya pili ikatoka mwaka huohuo bila yeye kuiona.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa mashindano ya uandishi wanaoweka ukomo wa miaka 30 au 35: pamoja na fungu la vijana, wekeni la kitabu cha kwanza, na fomu yake isiulize mwaka wa kuzaliwa.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro