Jina la faili chini ya kila ukurasa, ofisi nzima

Mwezi wa Februari hakuna ofisi Mombasa isiyowasha feni, na karatasi isiyolaliwa na kitu hupaa. Tuliitwa siku moja kwa wakala mmoja wa forodha karibu na Barabara ya Moi, tukaambiwa printa ina matatizo. Tulipofika printa haikuwa na neno. Karani, mama wa makamo, alikuwa amepiga magoti akiokota barua sakafuni.

"Mwanangu fundi," akasema, "barua nimezipata zote. Sijui tu ipi imetoka kwenye faili gani."

Mkononi alikuwa na barua tatu za kontena moja, zimefanana kwa kila kitu ila tarakimu mbili za uzito. Mteja alikuwa amekubali moja tu. Kwenye kompyuta, folda ya mteja huyo ilikuwa na "barua", "barua mpya", "barua mpya ya mwisho" na "barua ya mwisho KWELI". Msicheke. Karibu kila ofisi tunayoingia, kuanzia kwa mawakili hadi shuleni, ina folda ya namna hiyo.

Dawa yake ni ndogo: jina la faili lichapwe chini kabisa ya kila ukurasa, pale panapokaa namba, kwenye sehemu ambayo programu za Kiswahili huiita kijachini. Karatasi ikipotea njia, unasoma chini unajua imetoka wapi. Wapo wanaoliandika jina hilo kwa mkono wao, herufi kwa herufi. Hilo tunawakataza. Siku faili inapobadilishwa jina, maandishi yale yatabaki vilevile, na jina la uongo litakupoteza kuliko kukosa jina.

Katika Word ipo fildi, yaani nafasi inayojazwa na programu yenyewe, inayolisoma jina la faili. Bofya mara mbili chini ya ukurasa, nenda Insert, halafu Quick Parts, halafu Field, uchague FileName. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha njia, litatoka na mlolongo mzima wa folda. Wanaopenda kibodi hubonyeza Ctrl na F9 pamoja, huandika FILENAME ndani ya mabano yanayotokea, kisha F9. Wakitaka njia nzima huongeza \p. Herufi za ukubwa wa 7 au 8 zinatosha; kazi yake ni kupatikana likitafutwa tu.

Wengi huishia hapo, na baada ya wiki simu yetu inalia: "Fundi, linaonyesha jina la barua ya mwezi jana!" Ndivyo Word ilivyo. Fildi hii haijihuishi kila sekunde. Hati mpya isiyohifadhiwa huandika Document1, na hata ukishaihifadhi, Document1 inaweza kukaa palepale kwa muda. Mbaya zaidi ni ile tabia ya kufungua barua ya zamani, kubadili tarehe na kiasi, kisha kuhifadhi kwa jina jipya. Kijachini kinaweza kuendelea kubeba jina la zamani hadi fildi ihuishwe. Na usidhani Ctrl na A pamoja na F9 vitakuokoa ukiwa kwenye mwili wa barua. Uteuzi huo haushuki kwenye kijachini; ni lazima uingie humo kwanza.

Kwa hiyo kila kompyuta tunayoigusa huwa tunaingia Options, sehemu ya Display, na kuwasha mpangilio wa kuhuisha fildi kabla ya kuchapisha. Ni alama moja kwenye kisanduku kimoja, na ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya malalamiko. Ofisi ikitaka uhakika zaidi tunaweka makro fupi, yaani programu ndogo ndani ya Word, inayohuisha kijachini kila mtu anapohifadhi. Makro hiyo haiji kwa barua pepe. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, kwa hiyo tunaiweka wenyewe mahali ambapo Word imeambiwa paaminiwe.

Sasa mtandao. Ofisi yenye kompyuta kumi na mbili haihitaji fundi wa kukaa kwenye kila kiti akichora kijachini. Kila mtumiaji ana kiolezo chake, Normal.dotm, ambacho kila hati tupu huzaliwa kutoka kwake. Tunaweza kukibadilisha, lakini kwa ofisi nyingi tunapendelea njia nyingine: violezo vya barua, ankara na kumbukumbu za vikao vinakaa kwenye folda moja ya seva, watumiaji wanaruhusiwa kuvisoma bila kuvibadilisha, na kila Word inaelekezwa huko kupitia mpangilio wa violezo vya kikundi. Anwani ya posta ikibadilika, tunarekebisha kiolezo kimoja na ofisi nzima inakipata. Normal.dotm tukiigusa, mwisho wa yote kuna mtu atalalamika kwamba hata orodha yake ya harusi ina kijachini.

Kuna mashauriano yanayotuchukulia muda kuliko kazi yenyewe: jina peke yake, au njia nzima? Wakurugenzi hupenda njia nzima. Sisi tunasema njia nzima ibaki kwenye karatasi za ndani, na barua zinazotoka nje zibebe jina tu. Ofisi moja hapa mjini ilimpelekea mteja barua ya heshima kabisa, "kwa unyenyekevu mkubwa tunakukumbusha", na chini yake kwa herufi ndogo ikasomeka folda alimowekwa: Wateja Wasumbufu. Alikuja mwenyewe na barua mkononi. Mbali na aibu, njia ya folda inaweza kutaja ugonjwa wa mtu, deni lake au kesi yake, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Hayo si ya kuyamwaga chini ya ukurasa.

Njia nzima ina udhia mwingine. Fatuma akifungua faili kupitia diski ya H na Juma aliyekaa meza ya pili akaifungua kupitia Z, karatasi zitasema mahali pawili ilhali faili ni moja. Kabla ya yote tunahakikisha kila kompyuta inaiita seva kwa herufi ileile. Mafaili yakiwa OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, njia inaweza kugeuka anwani ya wavuti iliyojaa %20 kila palipo nafasi. Hapo, jina peke yake linatosha.

Excel ni mambo mepesi. Kijachini chake hupokea &[File] kwa jina na &[Path] kwa njia ya folda, na hujirekebisha chenyewe wakati wa kuchapisha. Kumbuka tu kwamba kila shiti ina kijachini chake. Zichague zote pamoja kabla ya kuweka. Wanaotumia LibreOffice wana fildi ya jina la faili vilevile, na haina ukaidi wa Word.

Mafaili ya zamani ndiyo kazi. Kiolezo kipya hakirudi nyuma kuyatembelea. Makro inaweza kupita folda nzima, ikafungua hati moja moja, ikaweka fildi, ikafunga. Maelezo ni marahisi, ila tumeshajifunza kwa jasho. Hati moja inaweza kuwa na vijachini vya namna tatu: cha ukurasa wa kwanza, cha kurasa za namba shufwa, na cha kawaida, tena kwa kila sehemu ya hati. Ukisahau cha kwanza, barua ya ukurasa mmoja inatoka tupu. Hati yenye nywila husimamisha msafara mzima. Hati iliyotiwa saini ya kidijitali, ukiigusa tu, saini inabatilika. Na tarehe ya mwisho ya kubadilishwa inakuwa ya leo kwa mafaili yote, jambo linalowakasirisha sana mawakili, na wana haki. Ndiyo maana tunachukua nakala ya akiba kwanza, tunajaribu kwenye folda moja mkiwa mmekaa nasi, na kesi zilizofungwa hatuzigusi. Ushauri wetu wa kawaida ni kuanzia mwaka huu kwenda mbele na kuyaacha ya nyuma yalale.

Mkitaka tuje, tuandalieni mambo matatu: idadi ya kompyuta na toleo la Word lililomo katika kila moja, mtu mwenye nywila ya msimamizi wa seva, na mfano wa barua mnayoituma sana. Ofisi ndogo huwa tunaimaliza asubuhi moja, kama mwenye nywila hajaenda Malindi. Yule mama wa forodha tulimwekea siku ileile, na alipotupa chai alikuwa ameshafuta "barua ya mwisho KWELI", akabaki na tatu.